Swichi ya Betri kwenye Pikapu ya Fundi Issa

Siku tuliyoifungia pikapu swichi tulikuwa watu wanne, na nawataja kwa majina ili asije mtu akajiongeza. Nilikuwepo mimi, Somoe binti Mfaume, mjane wa Fundi Issa Nalinga. Alikuwepo Mwanaisha, mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye mwenye sauti sasa katika nyumba yetu hapa Kilwa Masoko. Alikuwepo Rajabu Selemani, fundi umeme wa magari. Baba yake, Selemani Mtopela, alikuwa akichomelea vyuma ukuta kwa ukuta na karakana yetu. Na alikuwepo Chilumba, mnunuzi wa vyuma chakavu, Mmakua, mtani wangu. Mimi Mmwera wa Rondo, na huyo bwana ana ruhusa ya kunitolea maneno yoyote, hata matangani. Kwenye kazi hakualikwa. Alikuja na mkokoteni wake kuchukua maiti. Ndivyo alivyosema, na maiti aliyoitaka ni gari.

Rajabu ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili yenu mnaojifunza kazi kwake. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta herufi imelala njiani iamsheni wenyewe. Lakini betri nazijua. Nimeziosha, nimezijaza maji, nimezibeba kichwani, na moja iliwahi kunilipukia kifuniko.

Sikuzaliwa fundi, niliolewa na fundi. Zamani watu wa Kisiwani walikuwa wakivuka na betri zao ndani ya beseni kuja kuzijaza moto kwetu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzipokea na kuzipanga. Tindikali haijui mke wa fundi. Kanga zangu zote zilikuwa na matundu kama kitambaa cha kuchujia tui. Mama mkwe wangu akisema, "Issa, mkeo unamvisha nyavu?" Issa anacheka, kesho ananiletea aproni iliyokatwa kwenye mpira wa tairi la lori. Nzito ile! Ukiivaa unatembea kama bata.

Aliyemfundisha Issa, na mimi nikadokoa dokoa, ni Mzee Abdurahmani Mapande wa Lindi. Huyo alikuwa hasemi mara mbili. Siku ya kwanza aliniona na bangili, akasema, "Vua." Nikaona aibu. Mke wa mtu mikono mitupu, watasemaje? Nikajifanya sikusikia. Basi nikiwa nakaza nati ya betri, bangili ikagusa kichwa cha betri upande huu na bati la gari upande ule. Nikaona cheche, nikasikia harufu ya nyama. Alama ninayo hadi leo, duara kamili kwenye kifundo cha mkono. Mzee Mapande alinipaka asali, akasema, "Sasa hiyo hutaivua." Kwa hiyo wajukuu zangu, pete, saa, mkufu, bangili, vyote viacheni nyumbani. Betri ya gari haina nguvu ya kukuua kwa kukushika, lakini chuma kikiunganisha pande zake mbili kinageuka kaa la moto, na kaa hilo umelivaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Macho ya Issa yaliondoka polepole, yalianzia pembeni kama pazia linavutwa. Kazi hakuiacha. Aliniambia, "Mama Mwanaisha, nipe macho." Nami nampa. Huu mwekundu, huu umeungua, huu una kutu ya kijani mdomoni. Yeye vidole, mimi macho, tukatengeneza magari ya watu miaka mingi namna hiyo, na wengine hawakujua kabisa kwamba fundi haoni. Niwaambie ukweli, katika maisha yangu yote sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa naye miaka ile, vichwa vyetu viwili chini ya boneti moja, jasho lake linadondoka kwenye mkono wangu.

Alipoacha kuendesha pikapu yake hakuacha kukaa ndani. Akishaswali alasiri anapapasa ukuta, anafungua mlango wa dereva, anakaa na kusikiliza redio. Ilimuudhi kutafuta tundu la ufunguo. Siku moja akasema tuvute waya wa redio moja kwa moja kutoka kwenye betri, asihitaji ufunguo wala fyuzi ya kuhangaika nayo. Mimi nikavuta. Waya unatoka kwenye injini unaingia ndani kupitia tundu la bati. Na kila tundu la bati linataka mpira ukingoni, kwa sababu bati ni kisu kisicho na haraka. Gari likitikisika kidogo, bati linakata kidogo, mpaka siku moja waya unabaki uchi.

Sikuwa na mpira wa kimo kile. Taarifa ya habari ilikuwa inakaribia kuanza, na yeye ameshakaa anasubiri. Nikasema moyoni, nitaukata kesho kwenye tairi bovu. Akauliza kutoka kitini, "Umeweka mpira?"

Nikamwambia, "Nimeweka."

Akasema, "Ahsante, macho yangu."

Kesho haikufika. Nilikuwa naukumbuka mpira ule mara moja moja, ninapokoroga uji, ninapofua, halafu napitiwa. Issa alisikiliza redio yake miaka yote iliyobaki, akafariki, tukasoma arobaini. Na baada ya arobaini nikaanza kukaa mimi mle garini alasiri, kwenye kiti cha abiria, redio ikizungumza. Rajabu akawa anapita kuijaza betri moto bila kuuliza ninaitakia nini. Mtu mwenye adabu yule.

Basi mwaka huu, alasiri moja, namenya mihogo uani, Mwanaisha akapiga kelele. Moshi ulikuwa unatoka chini ya usukani, na pikapu imesimama bandani pembeni ya magunia yake ya korosho, mavuno yote ya msimu. Rajabu alikuwa karakana ya ng'ambo ya njia, akaja mbio na koleo, akaung'oa mdomo wa waya wa redio kwenye betri. Moshi ukakoma. Mwanaisha alikuwa anajilaumu mwenyewe.

"Panya! Hizi korosho zangu ndizo zimewaleta panya, wametafuna nyaya za Baba."

Hakuna aliyembishia. Mimi nilijua ni kitu gani, nilijua kabla moshi haujaisha, na nilinyamaza. Kesho yake Mwanaisha akamwaga sumu bandani kote. Panya sikumwona hata mmoja aliyekufa. Alikufa paka wa jirani yetu Bi Tatu, na Bi Tatu akaacha kutusalimia.

Ndipo Mwanaisha akaniambia, "Mama, nakuheshimu, lakini korosho hizi ndizo ada ya watoto. Jumamosi mtani wako analichukua gari hili. Au mlifanye likisimama lisiwe na moto hata chembe."

Nikasema, "Tutafunga swichi ya betri."

Kwa wasioijua, swichi hii ni kama koki ya maji pale kwenye mita. Ukiifunga, bomba la ndani likipasuka halimwagi kitu. Inakaa kwenye ule waya mnene wa betri, unaizungusha, gari zima linakufa, taa, honi, stata, redio, vyote. Gari la zamani linaihitaji kuliko gari jipya, maana nyaya zake zimevikwa nguo iliyokwisha kuoza, na fyuzi zake ni mbili tatu tu.

Nilipanda basi mpaka Lindi kuichagua mwenyewe. Rajabu alitaka aagize kwa simu, nikakataa, kitu cha kushika hakiagizwi kwa picha. Nikachukua na sumaku yangu niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Nilipomwambia nataka swichi ya betri, kijana wa dukani akanisalimu vizuri, "Shikamoo bibi. Ya sola, siyo?"

"Marahaba. Ya gari."

"Gari la nani?"

"Langu."

Akamtazama mwenzake, wakabana vicheko. Akanipa ya kwanza, nzuri ya macho, ina kishikio chekundu. Nikaweka sumaku kwenye bolti zake, ikang'ang'ania. Maana yake ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, miezi michache tu inaota kutu na moto haupiti. Nikairudisha. Ya pili sumaku haikushika, lakini bolti zake nyembamba kama kidole cha mtoto. Hiyo ni ya taa. Stata ikivuta moto wake, swichi ndogo inayeyuka ndani na unabaki na balaa lile lile ulilolikimbia. Ya tatu nzito, bolti nene, nikaisogeza sikioni nikaitikisa.

"Bibi, hiyo si nazi!"

"Nazi mbovu hainichomei nyumba," nikamwambia. "Swichi inayogonga ndani imelegea. Nipe nyingine kama hii, isiyogonga."

Akaleta nne, nikazitikisa zote, nikachukua moja. Kufika hapo walikuwa hawacheki tena. Yule mwenzake akatoka nyuma ya meza akaniuliza kuhusu sumaku, nikamwonyesha. Kwenye basi nikirudi niliipakata ile swichi mapajani, na kitu nilichokitamani kuliko vyote ni mtu wa kumwambia, "Baba Mwanaisha, shika uzito wake." Angeipima kiganjani, angeizungusha karibu na sikio, ka! ka!, angesema hii ni nzuri au hii ni bati. Hakuna tena anayenisikilizia swichi namna ile.

Jumamosi asubuhi Rajabu akaja na spana zake, Chilumba na mkokoteni wake. Chilumba akakaa juu ya ndoo, akaanza.

"Mtani, mmelisomea yasini hilo? Mimi nina wateja wananisubiri."

"Kasubiri nao huko huko, Mmakua wewe. Hili litakuzika."

"Litanizikaje na lenyewe halitembei?"

Rajabu akataka kuifunga swichi chini ya boneti, jirani na betri. Sababu yake nzuri, waya unakuwa mfupi. Nikamuuliza, "Ukiona moshi, utafungua boneti?" Akafikiri. Ukifungua boneti penye moto unaupa hewa, unakuvamia usoni. Swichi iwe mahali mkono wa dereva unafika bila kufungua kitu, mbali na tangi la mafuta, mbali na maji yanayorushwa na tairi. Tukaamua ikae ndani, kwenye bati chini ya kiti cha dereva, kwa mbele. Kwa hiyo waya mnene ulipaswa kuingia ndani, na njia ilikuwa moja tu. Lile tundu.

Nilijua tangu Lindi kwamba tutafika pale.

Kwanza ilikuwepo kazi ya kufungua betri, na hapo nilimdaka Rajabu mkono. Alikuwa ameshaweka spana kwenye hasi.

"Unafungua nini?"

"Hasi bibi. Tumefundishwa hasi kwanza, ndiyo ya bodi."

"Fuata waya kwa kidole."

Akaufuata waya wa hasi, ukampeleka kwenye stata. Akaufuata wa chanya, ukampeleka kwenye bolti ya bodi. Akaniangalia. Gari hili limevaa kanzu nyuma mbele, magari mengi ya umri wake yalitengenezwa hivyo, chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Kama angefungua hasi kwanza na spana ikagusa bati, angepata alama kama yangu. Ndiyo maana hata redio ya Issa tuliikalisha juu ya ubao, kasha lake lisiguse bodi. Mzee Mapande hakutufundisha hasi wala chanya. Alisema, waya wa bodi ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi, na usiamini rangi, amini mahali ulipofungwa. Swichi nayo inakaa kwenye waya huo huo wa bodi.

Chilumba akasema, "Wamwera hata gari lenu linavaa kinyume."

"Wewe nyamaza, hata kwenda kuoa ulipotea mpaka ukaongozwa njia."

Rajabu alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya usukani na tochi. Akaita, "Bibi, nimeupata. Panya kweli! Ona walivyoula."

Mwanaisha akainama akaona. Waya wa redio ulikuwa umekatwa pembeni, shaba nje, bati limekuwa jeusi. Chilumba naye akachungulia, akasema, "Panya gani huyu anayetafuna upande mmoja, palipogusa bati tu? Huyu kasomea."

Alisema kwa utani. Mwanaisha akasema, "Panya ni panya. Nitaongeza sumu."

Nilikuwa na njia ya kupita, wajukuu zangu. Tungeweka mpira, tungefunga swichi, gari lingebaki, na Issa angebaki fundi asiyekosea machoni kwa binti yake. Nilifikiri hivyo. Halafu nikamwona Rajabu anasogeza simu apige picha awaonyeshe ninyi, wanafunzi wake, kazi ya panya. Mngetoka hapo mkajifunza kununua mitego.

Nikasema, "Si panya. Ni mimi."

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, mpira, taarifa ya habari, kesho.

Mwanaisha akauliza, "Baba alijua?"

"Aliniuliza kama nimeweka. Nikamwambia nimeweka."

"Na alikuwa haoni."

"Alikuwa haoni."

Chilumba, mwenye ruhusa ya kusema lolote, alivua kofia yake. Akaishika mkononi. Rajabu akajitia kutafuta spana. Mwanaisha akakaa juu ya gunia la korosho, akanitazama, na sikumjua, mwanangu mwenyewe, sikujua atasema nini.

Akasema, "Mimi nimeua paka wa watu."

Akasimama, akajifunga kanga ya pili, akatoka kwenda kwa Bi Tatu. Hakugeuka nyuma.

Sisi tukaendelea, mikono ilikuwa inataka kazi. Nilikata mpira kwenye tyubu nene, nikauzungushia tundu lile mwenyewe, magoti chini, na machozi yalinitoka, sitawaficha. Nilitamani aniulize tena swali lile lile, mara moja tu, kutoka kwenye kiti. Rajabu akauondoa waya mbovu, akavuta mpya wenye fyuzi karibu kabisa na betri, ili hata swichi ikisahauliwa wazi fyuzi ikatike kabla waya haujapata moto. Mdomo mwingine wa redio akaufunga upande wa bodi wa swichi, nayo izimike pamoja na gari. Msisahau hili, wengi wanafunga swichi halafu wanaacha kitu kimoja kinachokwepa na kwenda betri moja kwa moja. Hapo hujafunga kitu. Nati tukazikaza, vichwa tukavipaka grisi kuzuia chumvi, waya wa bodi ukarudi mwisho. Na hili pia: swichi hii haizimwi injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari yenu yenye altaneta, ile inayoijaza betri moto injini ikizunguka, mtaiunguza. Zima gari kwa ufunguo, kisha geuza swichi.

Tukajaribu. Wazi, redio inakoroma. Funga, kimya. Chilumba akaomba ageuze na yeye, akageuza mara tano kama mtoto, nikamfukuza kwenye kiti.

Mwanaisha akarudi adhuhuri imekwishaadhiniwa. Macho mekundu. Bi Tatu amesamehe, au ameanza kusamehe, sijui, ila sahani yetu iliyokuwa imebaki kwake alimrudishia mkononi, ina mhogo juu. Aliingia garini, akachukua tochi ya Rajabu, akainama chini ya usukani, akakiingiza kidole kwenye tundu akazungusha ukingo wote, polepole, kama baba yake alivyokuwa akizungusha. Kisha akauvuta waya kuona kama unateleza bila kukwaruza. Sikuudhika. Niliona ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo ilivyotakiwa siku ile ya kwanza, awepo mtu wa kupitisha kidole baada yangu.

Akatoka, akamwambia Chilumba, "Mjomba, rudi na mkokoteni wako mtupu. Gari hili halitoki."

Kwangu mimi alisema jioni yake, tunapepeta mchele. "Mama, ungeniambia."

Nikasema, "Ndiyo."

Sasa alasiri naizungusha swichi mwenyewe, nakaa, nasikiliza. Nikiinuka naifunga. Kukaa kimya kwa gari lile kunaniuma kila siku, maana zamani lilikuwa na uhai kidogo hata likilala. Lakini korosho ziko pale na watoto wanakwenda shule.

Basi someni kwa jicho kali. Kama yupo anayejua kwamba Mzee Mapande alikuwa Abdalla na si Abdurahmani, au kwamba nati ile niliikaza na spana nyingine, aje anieleze, milango iko wazi, nitasahihisha kwa mkono wangu. Na kama nimeandika hapa kwamba nilifanya kitu, na wewe ulikuwepo ukaona sikukifanya, usinionee haya kwa sababu ya umri. Njoo uniambie nikiwa hai.